Alirudi?

Wasomaji wenzangu,

Nimeombwa nizungumzie riwaya niliyoifurahia. Nilipopokea ombi hilo, kilichonijia kwanza hakikuwa kitabu chenyewe. Ilikuwa sauti ya rafiki yangu akiniuliza, “Halafu? Alirudi?”

Rafiki huyu amenizidi umri, namwita dada, naye hunisikiliza jinsi wakubwa wanavyowasikiliza wadogo zao, kwa mapenzi lakini mikono iko kwenye kazi nyingine. Siku hiyo alikuwa anakunja nguo. Mimi nilikuwa nimeimaliza riwaya usiku wa kuamkia siku hiyo, macho mazito kwa kukesha, na nilishindwa kuinyamazia. Nikaanza kumsimulia. Nikamwambia kuna mhandisi wa madaraja, hodari, mwenye kiburi kidogo, anayesimamia daraja lake la kwanza. Kuna mkaguzi aliyetumwa kulichunguza. Siku ya kwanza tu mkaguzi anamrudishia michoro imejaa wino mwekundu. Mhandisi anawaka, anaapa hatamsemesha nje ya kazi. Ikifika wiki ya tatu anajikuta anawahi kazini kabla ya jua, kwa sababu mkaguzi naye huwahi kabla ya jua.

“Huyo amekwisha,” dada akasema, akacheka, akakunja shuka.

Nikaendelea. Nikafika kwenye ufa uliogunduliwa katika nguzo ya tatu. Mkaguzi aliuona, akaupima, akaandika ripoti, akaituma juu bila kumwambia mwenzake. Kazi ikasimamishwa. Mhandisi akapata habari mbele ya wafanyakazi wake wote. Walirushiana maneno ambayo hayarudishwi, na mkaguzi akahamishiwa mbali. Hapo ndipo nikaona dada ameacha kukunja nguo.

“Halafu? Alirudi?”

“Subiri,” nikamwambia. “Kwanza mama yake mhandisi alimwita, akamwambia, binti yangu, nimekuona ukililia madaraja mara nyingi, lakini hiki si kilio cha daraja.”

“Kumbe mhandisi ni mwanamke?”

“Ndiyo.”

“Haya. Na huyo mkaguzi hana hata haya ya kumpigia simu?”

“Mkaguzi naye ni mwanamke, dada.”

Akanyamaza. Alikuwa ameshika shati kwa mabega, kama mtu anayempima mwenye shati asiyekuwapo. Alinyamaza kwa muda uliotosha mimi kujuta, kisha kujutia majuto yangu. Halafu akaliweka shati chini akasema, “Mimi nimekuuliza kama alirudi.”

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria swali hilo kuliko hata riwaya iliyolizaa. Mtanisamehe nisipoitaja riwaya hiyo kwa jina. Zipo nyingi za aina yake sasa, na sitaki mtoke hapa mmebeba jina moja mkidhani ndilo lote. Nataka niseme kwa nini nilikesha nayo, na kwa nini naamini furaha ile inastahili kuzungumzwa hadharani, kwa sauti ile ile tunayozungumzia riwaya nyingine tuzipendazo.

Sikuwa nimemficha dada kitu. Nilisimulia kama tunavyosimulia siku zote: alisema, akajibu, akamtazama, akanyamaza. Kiswahili hakimdai msimulizi jinsia ya mtu kila anapofungua kinywa. Yeye ni yeye. Mpenzi ni mpenzi. Mhandisi yumo katika ngeli moja na mkaguzi, na mtoto, na mgeni, na mfalme. Mtu anaweza kupenda, kukosa usingizi, kuandika barua na kuichana, kuondoka kwa hasira na kurudi kuomba radhi, na sarufi yetu isiulize hata mara moja kama ni mwanamume au mwanamke. Jinsia huingia kwa mlango wa nomino: binti, kaka, shangazi. Au huingia kwa kitenzi kimoja kigumu nitakachokirudia baadaye, maana kilinitoa jasho.

Kwa hiyo kwa muda wa nusu saa dada alikuwa ameshawashika watu wawili moyoni kabla hajaambiwa ni watu gani. Alikuwa amemcheka mhandisi, amemkasirikia mkaguzi, ameingia na hofu yao. Habari ya kwamba wote ni wanawake ilipofika, ilikuta nyumba ina wakazi.

Waandishi wa Kiingereza hawana msaada huo. Wanaoandika mapenzi ya wanawake wawili wana tabu moja ya kiufundi isiyowapata wenzao wanaoandika ya mwanamume na mwanamke: kiwakilishi cha kike ni kimoja, na wanawake ni wawili. Mkono huu ni wa nani? Nani kamwinamia nani? Hulazimika kurudia majina, au kuivunja sentensi na kuijenga upya ili msomaji asipotee katikati ya busu. Sisi tabu hiyo tumezaliwa nayo. “Alimshika mkono wake” imetutatiza tangu utotoni, hata katika hadithi za bwana na bibi, nasi tukajifunza kufuata mtiririko wa tendo badala ya kutegemea viwakilishi. Nilipokuwa nasoma riwaya hii kwa Kiingereza niliona mwandishi ameipata njia hiyo hiyo. Kila mmoja wa wanawake wake ana namna yake ya kutenda. Mmoja huchukua vitu haraka, mwingine huvigusa kwanza. Ukishawazoea, huhitaji majina.

Nikupeni mfano wa namna anavyofanya kazi. Katika sura ya nne kuna asubuhi ya upepo mkali. Wamepanda juu ya jukwaa la ujenzi, wanapima nguzo. Mkaguzi anavua glavu moja ili aandike vizuri, penseli inamponyoka, na mhandisi anaidaka kabla haijaangukia mtoni. Hairudishi. Hakuna anayesema lolote. Mkaguzi anatoa penseli nyingine mfukoni, anaendelea kuandika vipimo. Basi. Ukurasa mmoja na nusu, na sura imekwisha.

Penseli hiyo inakaa katika mfuko wa koti la mhandisi kwa sura kumi na moja. Kila mwandishi anapomfanya atie mkono mfukoni, kutafuta funguo au kujikinga baridi, moyo wangu ulikuwa unadunda, ingawa neno penzi lilikuwa bado halijaandikwa popote. Halafu kuna zile nyaraka za kazi zinazopita baina yao. Mkaguzi anarudisha mahesabu ya ukurasa arobaini, na pembeni, kwa wino ule ule mwekundu wa kukosoa, ameandika: “Hesabu ni sahihi. Umelala lini mara ya mwisho?” Mhandisi anajibu kwa kuandika tarehe, kama mtu anayejibu hoja ya ukaguzi. Ni tarehe ya siku tatu zilizopita. Mistari hiyo niliisoma mara nne.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mwandishi huyu ni kama aliuchukua usemi huo akauanzia mkiani: akatupa watu wawili wanaojizuia kukohoa kwa kurasa mia mbili, na sisi tukawekwa karibu mno, tukawa tunavisikia vifua vyao.

Na kuna jambo moja ninalomheshimia sana. Ana daraja mkononi kitabu kizima, na hata mara moja hakulifanya mfano wa mapenzi. Daraja ni daraja. Lina zege, lina nondo, lina bajeti iliyopungua, lina watu watakaopita juu yake na watoto mgongoni. Hilo ndilo linalofanya ugomvi wao uwe na uzito. Mkaguzi hakumsaliti mwenzake kwa sababu ya mtu wa tatu au barua iliyopotea. Aliona ufa, na ufa unaweza kuua watu. Angenyamaza angekuwa mtu ambaye mhandisi asingeweza kumpenda. Aliposema, alimwumiza mtu aliyempenda. Nimesoma riwaya nyingi za mapenzi ambazo kizuizi chake kingeondoka kwa mazungumzo ya dakika tano, na nyingine nimezipenda hivyo hivyo. Hiki hakiondoki kwa dakika tano.

Mwaka 2003 mhakiki Pamela Regis alichapisha kitabu kuhusu historia ya riwaya ya mapenzi, akabainisha vipengele vinane ambavyo kwa maoni yake havikosekani: jamii wanamoishi wapenzi, kukutana kwao, kizuizi, mvuto, kutamka penzi, saa ya mauti, kutambua, na uchumba. Hiyo saa ya mauti si lazima afe mtu. Ni pale penzi lenyewe linapoonekana limekufa, na msomaji haoni litafufuliwa kwa njia gani. Kwa dada, saa hiyo ilifika mimi nikiwa bado nasimulia na yeye ana shati mkononi.

Sasa nije kwenye mwisho, maana hapo ndipo watu hunibishia.

Riwaya ya mapenzi kama tunavyoijua leo ina ahadi. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kiliiweka wazi kilipoueleza utanzu huu: hadithi ya mapenzi iwe ndiyo kiini, na mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini. Kwa hiyo nilipofungua ukurasa wa kwanza nilijua watapatana. Watu huniuliza, ukishajua mwisho unasoma nini? Nasoma yote mengine. Msomaji anayeogopa mwisho hukimbia. Huruka maelezo, huchungulia kurasa za nyuma, hutaka tu kujua nani kapona. Mimi nilikuwa nimehakikishiwa watapona, ndiyo maana nikaweza kukaa na penseli. Ahadi ile ilinipa utulivu wa kutazama vitu vidogo, na mapenzi mwanzoni huwa ni vitu vidogo vitupu.

Lakini kwa riwaya za wanawake wawili ahadi hiyo ina historia, na nilipoijua sikuweza tena kusoma mwisho mwema kana kwamba ulitoka hewani.

Mwaka 1928 mwandishi Mwingereza Radclyffe Hall alichapisha riwaya kuhusu mwanamke anayempenda mwanamke. Mahakama mjini London iliamuru nakala zake ziharibiwe. Haikuwa riwaya ya furaha: mwishoni mhusika mkuu anamwachia mwanamume yule ampendaye, na anabaki na upweke. Hakuna aliyeshinda mle ndani ila huzuni, na hata huzuni haikukiokoa kitabu.

Miaka ishirini na minne baadaye, mwaka 1952, zilitoka Marekani riwaya mbili. Moja iliitwa Spring Fire. Mwandishi wake alikuwa Marijane Meaker, lakini jina lililokuwa kwenye jalada lilikuwa Vin Packer. Ilihusu wanafunzi wawili wa kike wa chuo wanaopendana. Mhariri alimwambia mapema kwamba hadithi haiwezi kuisha vizuri. Sababu ilikuwa posta. Vitabu vile vya bei nafuu vilisafirishwa kwa posta, na wakaguzi wa posta wakiona kitabu kinayasifu mapenzi ya namna hiyo wangeweza kuizuia shehena nzima. Basi Meaker akafanya alivyoagizwa. Mmoja wa wasichana wale akarukwa na akili, na mwenzake akagundua kwamba kumbe hakuwahi kumpenda kweli. Kitabu kiliuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Hebu lifikirieni hilo. Watu zaidi ya milioni moja walinunua hadithi, na mwisho wake ulikuwa umeamuliwa na sheria za vifurushi. Meaker mwenyewe hakuupenda mwisho ule, na kwa miaka mingi hakutaka kitabu kichapishwe upya. Kilirudi mwaka 2004, naye akaandika utangulizi akaeleza yaliyotokea.

Riwaya ya pili ya mwaka ule ilitiwa jina la Claire Morgan. Hakukuwa na mtu huyo. Alikuwa Patricia Highsmith, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amechapisha riwaya yake ya kwanza, ya uhalifu, na ikapokewa vizuri. Wazo la hii ya pili lilimjia Desemba ya mwaka 1948, alipokuwa akiuza wanasesere katika duka kubwa la New York msimu wa Krismasi. Mwanamke mmoja aliyevaa koti la manyoya akaja kununua, akaacha anwani, akaondoka. Yalikuwa mazungumzo ya kikazi, ya dakika chache. Highsmith alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka, akaandika muhtasari wa hadithi yote kwa muda wa saa mbili. Kulipokucha alikuwa na homa, ikabainika ni tetekuwanga. Nampenda mno Highsmith kwa usiku ule. Nani kati yetu hajawahi kushindwa kujua kama ni homa au ni mtu?

Riwaya hiyo, The Price of Salt, haikumwua mtu mwishoni, haikumtia mtu wazimu, wala haikumrudisha mtu kwa mwanamume. Gharama ilikuwapo, tena kubwa: mmoja wa wanawake wale anapoteza haki ya kumlea binti yake. Lakini katika kurasa za mwisho wanawake wawili wanaonana katika chumba chenye watu wengi, na mmoja anamwendea mwenzake. Ilipotoka kwa jalada la karatasi, barua zilianza kumfikia huyo “Claire Morgan” kupitia kwa mchapishaji, mafungu kwa mafungu, kwa miezi. Watu walikuwa wanamshukuru kwa kuwaacha wahusika hai na pamoja. Highsmith alikuja kukubali kitabu kitoke kwa jina lake mwaka 1990, miaka thelathini na minane baada ya kukichapisha. Niongeze jambo nisilohitaji kuliongeza, ila linanifurahisha: baadaye Meaker na Highsmith walikutana, wakapendana, wakawa pamoja kwa miaka kama miwili. Yule aliyelazimishwa kuwatenganisha wahusika wake na yule aliyewaacha pamoja.

Ndiyo maana mtu akiniambia mwisho mwema ni njia rahisi ya kumfurahisha msomaji, siwezi kumkubalia. Pengine ni rahisi katika hadithi nyingine. Katika hizi, njia rahisi ilikuwa kaburi. Kaburi lilipita posta bila shida.

Narudi kwenye riwaya yangu. Haina kaburi, na haina hotuba ndefu za kujitetea pia. Dunia ya nje imo. Mhandisi ana wafanyakazi wanaonong’ona. Mama yake anajua na hajui alisemeje. Kwa wiki nzima mama huyo anazunguka, anaulizia hali ya hewa, anaulizia daraja, mpaka siku moja anauliza tu, “Anakuja lini?” bila kutaja anayekuja ni nani, na mhandisi anaegemea ukuta wa jikoni analia. Maneno mawili yale yanamtosha. Lakini kitabu hakikukubali kwamba jambo pekee linaloweza kuwatokea wanawake wawili wanaopendana ni kupingwa. Wanagombana juu ya nani aliacha dirisha wazi. Mmoja anakoroma. Mmoja anaona wivu wa kijinga kwa mpimaji mpya wa ardhi. Wanaruhusiwa kuwa watu wazima wanaochosha na kupendeza kama watu wengine.

Nina malalamiko. Sura mbili za mpenzi wa zamani wa mkaguzi zimerefushwa bila sababu, na mkuu wa kampuni ni mbaya kuanzia nywele hadi viatu, hana hata dakika moja ya ubinadamu, hivyo kila akiingia riwaya inapungua uzito. Ningekuwa mhariri ningepigania hayo. Pia mahali pa faragha, usiku ule wa kwanza, mwandishi mwenye penseli na glavu anapotea kidogo na nafasi yake inachukuliwa na maneno makubwa ya moto na mawimbi. Hadi asubuhi inayofuata, mkaguzi anapotafuta soksi yake ya pili chini ya kitanda huku akieleza kwa nini saruji haipaswi kumwagwa kukiwa na baridi kali, ndipo ninampata tena mwandishi wangu, na ndipo ninapoamini kwamba wanapendana.

Baadhi yenu mmeniuliza kabla ya kikao, kwa heshima, hadithi hii inanihusu nini mimi. Nimesoma riwaya za mabaharia na sijawahi kuongoza meli. Nimesoma za wapelelezi, za wafalme, za watu walioua, na hakuna aliyenitaka nieleze uhusiano wangu na mauaji. Jibu langu ni lile la dada. Nilitaka kujua kama alirudi. Mwandishi alinifanya nitake, kwa penseli, kwa wino mwekundu, kwa tarehe iliyoandikwa pembeni, na nilipokuwa nataka vile sikuwa nimebaki mtu wa nje. Na kama katika chumba hiki yupo ambaye hadithi hii inamhusu kwa njia ya moja kwa moja zaidi, ambaye amesoma vitabu maisha yake yote akiwatafsiri wahusika kichwani ili apate nafasi ya kuingia, basi furaha yangu ni ndogo mbele ya yake, nami nampisha.

Mnaongoja jibu, ndiyo, alirudi. Siharibu kitu kwa kuwaambia, ahadi ilikuwapo tangu jalada. Mkaguzi alirudi siku nguzo ya tatu ilipokuwa inajengwa upya, akasimama kwenye matope, na alichosema ndicho kilichonifanya nikiweke kitabu kifuani. Hakuomba radhi kwa ripoti. Alisema ripoti ile asingeibadilisha hata neno, ila mhandisi alipaswa kuyasikia kutoka kinywani mwake kabla hayajafika kwenye karatasi. Mhandisi hakujibu. Alitia mkono mfukoni, akatoa penseli. Ilikuwa imebaki kipande cha urefu wa kidole. Ameichonga na kuichonga, akiitumia kukokotoa upya mahesabu yote ya daraja, mpaka alipoliona kosa ambalo mkaguzi aliliona kabla yake.

Nilimwazima dada kitabu. Alikisoma taratibu, kamusi pembeni, kwa wiki sita, na aliniharamisha kumpigia simu kukizungumzia kabla hajamaliza. Alipomaliza alisema neno moja tu, kwamba kitabu hiki kinapaswa kuwapo kwa Kiswahili. Ndipo nikaanza kukitafsiri, kwa mazoezi tu, sura ya mwisho kwanza kwa sababu ndiyo niliyoipenda zaidi.

Viwakilishi havikunisumbua, kama nilivyokwisha kusema. Vilikuwa kama kuteremka mlima. Kilichonisimamisha ni kile kitenzi. Kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, daraja limefunguliwa, watu wanapita, na mhandisi anamwomba mkaguzi wafunge ndoa. Kwa Kiingereza ni maneno mawili, na hayasemi nani anamwoa nani. Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Niliandika “Nioe,” nikafuta, kwa sababu ilimfanya mmoja kuwa mume. Niliandika “Olewa nami,” nikafuta, kwa sababu iligeuza mizani upande wa pili na sikio lilikataa. Nilijaribu “Uwe wangu wa maisha,” ikasikika kama kadi ya salamu. Nilikaa na ukurasa huo siku mbili. Lugha iliyonisaidia kitabu kizima ilikuwa imesimama mlangoni mwa mwisho, mikono kiunoni.

Nikampelekea dada. Safari hii hakuwa anakunja nguo, alikuwa ameketi na miwani yake. Akasoma nilivyofuta na nilivyoandika, akakunja uso.

“Wewe nawe, mdogo wangu,” akasema. “Wanapendana, hawapendani?”

“Wanapendana.”

“Basi si ni mkia ule ule?” Akachukua kalamu yangu, akaandika juu ya mistari yote niliyoifuta, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma zamani: TUOANE.

Kurasa mnazopewa sasa ndizo hizo. Neno lile limo chini kabisa kwenye ukurasa wa tatu, nami nimeliacha kwa mwandiko wake.